Kijiti Juu ya Paa la Bwana

Juzi nilikuwa natoka mazishini upande wa Molo, gari la mpwa wangu likapata pancha, na mahali lilipokataa kwenda mbele ni pale pale. Nilishuka kunyoosha magoti, maana magoti yangu siku hizi hayapendi kukaa wala kusimama. Nikainua macho, na ng'ambo ya barabara ikawa ile baa tuliyoishi nyuma yake nikiwa mtoto. Nikasema, kumbe hata wewe bado upo. Mpwa wangu alidhani nazungumza naye, akaniambia nivumilie kidogo tu, jeki imepatikana.

Ipo, lakini usiniulize ipo vipi. Kuta zimebaki. Juu wameweka mabati mekundu, mlangoni pamerundikwa magunia ya saruji na mbolea, na pale palipokuwa na maua ya memsahib, mke wa mzungu mwenye baa, panauzwa viazi vya Kuresoi kwa ndoo. Bomba la moshi nalo limebaki, lile kubwa la mawe, ingawa hakuna anayewasha moto chini yake. Kijana wa duka aliniona nimesimama akaniuliza, "Mathe, unataka simiti?" Nikamwambia sitaki kitu, naangalia tu. Akanionea huruma, nafikiri, akaniletea kiti cha plastiki.

Basi nilikaa pale nikaangalia, na kwa kuwa wewe hukuwepo, acha nikueleze ilivyokuwa.

Nyumba za mawe za masetla wa kizungu unazijua, zile za kuta nene na veranda ndefu. Hii haikuwa hivyo. Bwana aliyeijenga alitaka baa kama ya kijijini kwao Uingereza, nyumba ambayo alisema babu wa babu yake alinywea pombe ndani yake ikiwa tayari imezeeka. Taabu ni kwamba yake ilikuwa mpya, na yeye alitaka ifunguliwe ikiwa kuukuu. Kwa hiyo wakati watu wengine wanajenga ili nyumba ing'are, mafundi wa Bwana walikuwa wanahangaika kuizeesha. Boriti za darini zilichongwa kwa tezo makusudi zisinyooke, kisha zikapakwa oili chafu ya trekta iliyochanganywa na masizi mpaka zikawa nyeusi. Ukutani nje walipigilia mbao nyeusi, nyingine wima, nyingine zimelala, nyingine zimepinda, juu ya chokaa nyeupe. Mbao zile hazikubeba kitu. Ukuta ulikuwa wa mawe ya machimbo na ungesimama vizuri bila ubao hata mmoja. Baba yangu alizigonga kwa kidole siku ya kwanza, akasikiliza, akamwambia mama kwamba wazungu wameivalisha nyumba mifupa juu ya ngozi.

Dari lilikuwa chini sana. Bwana mwenyewe alikuwa mrefu, na kila alipopita mlango wa ndani alijigonga kipaji cha uso, halafu anacheka kwa furaha, kwa sababu huko kwao pia ndivyo walivyojigonga. Sakafu ilikuwa ya vigae vya mawe vilivyolazwa kwa kupandana kidogo, ili mtu aone kama vimekanyagwa miaka mingi. Madirisha yalikuwa vioo vidogo vidogo vilivyoungwa kwa madini ya risasi, na ukichungulia ulimwona mtu wa ndani amekatika vipande. Meko yalikuwa makubwa kiasi cha watu kukaa ndani yake kwenye benchi, moto katikati yao. Kaunta ilikuwa ya mbao za mtarakwa tupu. Mpaka leo nikisikia harufu ya mtarakwa uliolowa namwona mama amepiga magoti na kitambaa chake.

Mama alikuwa anasafisha pale asubuhi kabla wageni hawajaja, na mimi nilikuwa namfuata kusugua vyombo vya shaba vilivyotundikwa ukutani, vyombo ambavyo havikupika chochote. Ndivyo nilivyopajua ndani. Kulikuwa na vyumba viwili vya kunywea, kila kimoja na mlango wake wa barabarani. Kimoja kilikuwa na zulia na viti vya ngozi, cha masetla wenye mashamba makubwa. Kingine kilikuwa na benchi tupu na ubao wa kurushia vishale, cha wazungu wadogo, mafundi wa trekta na wasimamizi wa mashamba ya watu. Kati yao palikuwa na ukuta. Mama alipoelezwa na mpishi kwamba huko Uingereza pia ndivyo, alishangaa sana. "Hata wao kwa wao?" akauliza. Sisi hatukuwa na mlango wa kujadili, sisi tulipita jikoni.

Nje, juu ya nguzo, palining'inia kibao chenye picha ya mbweha mwekundu. Mbweha wa kwetu si mwekundu, kwa hiyo watu wa kijiji chote cha wafanyakazi walisema ni mbwa, na baa ikaitwa Kwa Mbwa Mwekundu. Bwana alijua na hakujali.

Sasa baba. Baba alitoka kwetu Magharibi kuja Nakuru kufanya kazi ya reli, lakini mikono yake ilikuwa ya nyasi. Alijua kuezeka kama wengine wanavyojua kuimba, hakumbuki ni nani aliyemfundisha. Bwana alitaka paa la nyasi, nene, lenye kona za mviringo, na pale penye madirisha ya juu linyanyuke na kushuka kama nyusi. Mtu fulani wa reli akamtaja baba. Tukahamishwa kutoka landi za Nakuru, vile vyumba vya wafanyakazi wa reli, sisi na sufuria zetu, tukapandishwa kwenye baridi ile. Ilikuwa ni siku za hali ya hatari, serikali ya wazungu ikipigana na wapiganaji wa msituni.

Chumba tulichopewa, nyuma ya baa, kilikuwa cha familia ya Wakikuyu waliochukuliwa kwa lori na kurudishwa rizavu waliyotengewa na serikali, labda wiki ile ile. Jivu lilikuwa bado jikoni. Nyuma palikuwa na mistari ya maharagwe yaliyoanza kuweka maganda, na fito zake zimechomekwa vizuri na mtu aliyedhani atayachuma. Mama aliyaangalia siku nyingi kabla ya kuyagusa. Tulipokuwa na njaa aliyachuma, lakini hakuacha kuyaita "maharagwe ya mtu," na hakuwahi kupanda kitu chake pale. Alikuwa akisema, "Wakituondoa, sitaki mtu ale jasho langu akidhani ni bahati yake."

Mama alitaka nyumba. Nakuambia hivi mapema kwa sababu mambo mengine yote yanatoka hapo. Hakutaka nguo, hakutaka kiti. Alikuwa ameolewa akapelekwa jikoni kwa mama mkwe, kutoka hapo landi ya reli, kutoka hapo chumba cha Wakikuyu, na hajawahi kufungua mlango akasema huu ni wangu. Kwetu babu alikuwa amempimia baba kipande cha shamba chenye mteremko mzuri kuelekea mtoni. Hapakuwa na kitu juu yake ila ng'ombe wa jirani. Kila aliyesafiri kutoka nyumbani alikuja na salamu za nyanya, na salamu za nyanya zilikuwa moja tu: waulizeni watajenga lini. Baba alijibu, mwakani. Alijibu hivyo bila uongo. Kila mwaka aliamini.

Paa la Bwana alilijenga kwa msimu mzima wa kiangazi. Nyasi zilikuja kwa mkokoteni wa ng'ombe, zikalowanishwa, zikakung'utwa, zikafungwa vitita. Baba alikaa juu kutwa akipiga nyasi kwa ubao wake, pa, pa, pa, na sauti hiyo ilikuwa ndiyo saa yetu. Alikuja chini jioni ana vumbi mpaka kwenye kope, amechoka na amefurahi. Zile nyusi za madirishani zilimpendeza kupita kiasi. Alituchukua tuzione kutoka barabarani, akasema hajawahi kuona paa linalomwangalia mtu. Mama alikubali kuwa ni zuri. Kisha akauliza, kwa upole tu, kama anauliza chumvi, "Na letu litakuwa na macho?"

Siku ya kumaliza, baba alifanya jambo ambalo hakuambiwa. Kwetu nyumba ya mwanamume haikamiliki bila kijiti kilichochongwa, kinachosimama kileleni kabisa. Kikiwepo, mwenye nyumba yu hai. Akifa, kinatolewa, na mtu yeyote anayepita njiani anajua nyumba ile imefiwa. Paa lisilo nacho ni paa la marehemu. Baba hakuweza kushuka kutoka kwenye paa la mtu aliye hai na kuliacha hivyo, mkono ungekataa. Akachonga kijiti cha mtarakwa, akakisimamisha katikati ya kilele, akashuka.

Bwana alikiona asubuhi. Tulikuwa uani, nakumbuka, mama anaanika vitambaa vya meza.

"Fundi, hii nini? Mimi hapana ambia wewe kuweka hii."

"Bwana, hii ni ya mwenye nyumba," baba akasema. "Mwenye nyumba akiwa mzima, inasimama. Siku akifa, inatolewa."

Bwana akakitazama sana, mkono umekinga jua. "Sasa mimi hapana kufa bado?"

"Bado kabisa, Bwana."

"Basi wacha kaa," Bwana akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Tangu siku hiyo ikawa desturi yake. Kila asubuhi alitoka nje na kikombe chake cha chai, akaangalia juu, akampungia mkono baba popote alipo, akasema, "Iko!" Na baba akajibu, "Iko, Bwana!" Wageni walioneshwa. Walipigwa picha mbele yake. Memsahib naye alikipenda, alikuwa mwanamke mkimya asiye na mtoto, na nilimwona mara kadhaa amesimama barabarani peke yake akikiangalia. Baba akabakizwa kazini kuwa fundi wa paa lile na wa kila kitu kingine kilichovunjika. Mwakani ikawa mwakani nyingine.

Sitaki nikudanganye kwamba tuliteseka kila siku. Jumamosi kinanda kililia ndani na sisi tulicheza kwa sauti yake uani, miguu imekufa ganzi kwa baridi. Mpishi alitutunzia maganda ya mikate ya nyama, yale ya pembeni yaliyoungua, na bado sijaonja kitu kitamu kama ule mchuzi uliokauka. Ukungu ulishuka saa kumi, moshi wa meko ukakataa kupanda, ukalala juu ya nyasi za baba, na baa yote ikanuka mtarakwa, bia na kondoo. Asubuhi ndiyo ilikuwa ya kuchosha. Kuchota maji mtoni, kusugua shaba, kukwangua nta ya mishumaa kwenye meza zilizokatwa visu makusudi zionekane kuukuu. Mama aliinama na kuinuka kwenye sakafu ile isiyo sawa, maji yakituama kwenye kila ufa uliotengenezwa kwa makini, akawa anasema, "Mtu mwenye akili angejenga sakafu iliyonyooka." Mgongo wake uliharibikia pale, ukitaka kujua.

Kisha Bwana akaugua. Alipelekwa hospitali Nakuru amelazwa nyuma ya gari, na memsahib akafuatana naye. Kijiti kilikaa. Baba alikitazama kila asubuhi mahali pa Bwana, lakini hakusema "Iko."

Habari ilikuja alfajiri kupitia mpishi, ambaye aliambiwa na dereva. Bwana amefariki. Memsahib alikuwa amerudi, yuko chumbani kwake juu, chini ya zile nyusi. Baba alikaa kitandani akafunga viatu. Mama akamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Hana ndugu hapa. Hana kijana. Nani mwingine atamfanyia?" Mama hakumzuia. Ningetaka kusema alimzuia, lakini yeye pia alitoka kwetu, na alijua kwamba baba anasema kweli.

Akachukua ngazi na panga lake la kukatia nyasi. Alipanda polepole, kofia kaiacha chini. Jua lilikuwa linachomoza upande wa ziwa la Nakuru. Nilimwona amesimama kileleni, kisha akainama, akakata zile kamba, akakitoa kijiti kwa mikono miwili.

Hapo ndipo memsahib alipotoka. Hebu ione kwa macho yake: siku hizo za hofu, mume amekufa usiku ule, na Mwafrika mwenye panga amesimama juu ya paa lake anang'oa kile kitu ambacho mume wake alikipenda kuliko vyote. Alipiga kelele mpaka mpishi akadondosha sinia.

"Wewe nafanya nini? Wewe nafanya nini huko?"

Baba alishuka kwanza. Hakutaka kumjibu mfiwa akiwa juu yake. "Pole, Memsahib," akasema. "Bwana ametuacha. Nimemtolea yake."

"Rudisha! Rudisha sasa hivi!"

"Haiwezi kurudi, Memsahib. Tukirudisha tutakuwa tunadanganya."

Nilikuwa karibu, niliuona uso wake. Hakuwa na hasira tu. Yeye alikuwa anakitaka kijiti kile kibaki pale miaka yote, kwa sababu ndicho kilichokuwa kimebaki cha asubuhi za mume wake. Baba naye hakuona heshima kubwa zaidi ya kukitoa. Wote wawili walikuwa wanamlilia mtu mmoja. Baba akakilaza kijiti kwenye majani miguuni pake. Memsahib akakiokota, akakikumbatia kifuani juu ya nguo yake ya kulalia, akasema bila kumtazama, "Toka hapa. Leo. Wewe na mama na watoto yako."

Baba alirudi chumbani akasimama mlangoni. Sijui kama ushawahi kumwona baba yako akiwa hajui pa kuweka mikono. Alimwambia mama, "Tumefukuzwa."

"Leo?" mama akauliza.

"Leo."

Na mama akacheka. Si kicheko cha uchungu, la. Kilimtoka kama chafya. Akasimama, akaangalia chumba kile cha watu, akajifunga leso kiunoni. Baba akasema anakwenda kuuliza usafiri, akaondoka kuelekea Njoro kwa miguu, na alipopotelea tu kwenye kona mama akaanza kuimba.

Sikuwa nimewahi kumsikia akiimba nje ya kanisa. Aliimba nyimbo za harusi za kwetu, zile za kumtania bwana harusi. Alifunga blanketi, akafunga sufuria ndani ya blanketi, akamfunga kuku miguu, akatuogesha wote kwa maji ya moto na kutupaka mafuta mpaka tukawa tunang'aa. Maharagwe aliyoyakausha alimpelekea mpishi, akamwambia, "Shemeji, haya ni ya wenyewe, wakirudi wape." Na huku mikono inafanya kazi alinieleza nyumba tutakayojenga kwetu. Mlango utaangalia mtoni. Jiko litakuwa upande wa asubuhi. Tutalala kwa nyanya msimu mmoja tu, nyasi zikikomaa tutakata, mimi na yeye, baba kazi yake iwe kuezeka. Atapanda mgomba mmoja karibu na ukuta ili ajue umri wa nyumba. Aliniuliza nataka kulala upande gani. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza hivyo. Mzigo ulipokamilika alichukua jembe lake akalichomeka juu kabisa, mpini nje, ili likiwa la kwanza kushuka liwe la kwanza kutumika.

Uso wake siku ile ulikuwa wa msichana. Nilikuwa sijui kwamba mama aliwahi kuwa msichana.

Baba alirudi alasiri, si kwa miguu. Alikuja kwenye pikapu ya mzungu mwingine, ameketi nyuma, na kabla haijasimama alikuwa amesharuka. Uso wake nao ulikuwa unang'aa.

"Mama watoto, Mungu ametuona!" akasema. "Kuna mzungu wa Ndabibi anajenga nyumba ya nyasi, kubwa kushinda hii. Alikuwa Njoro, alikuwa amesikia habari zangu. Ana chumba cha kutupa, kina mlango na dirisha. Ameniambia twende na hii gari, hata hakuna haja ya kungoja kesho."

Alimngojea mama afurahi. Alikuwa amekwenda kuleta wokovu na amerudi nao, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba wakati yuko njiani sisi tulikuwa tumeshaokoka.

Mama akasema, "Sawa, Baba watoto. Asante." Akageukia mzigo, akalegeza kamba, akalitoa jembe pale juu. Akalisukuma chini kabisa, chini ya blanketi na sufuria, mahali pa vitu ambavyo havitahitajika upesi. Akakaza kamba. Akatupandisha garini mmoja mmoja, na mpaka Ndabibi, huko mbali zaidi na kwetu, hakuimba tena.

Nyumba ilikuja kujengwa kwetu, ndiyo, miaka mingi baadaye, ya mabati, tulipochanga sisi watoto. Mama aliingia akatushukuru, akakaa kwenye kiti karibu na mlango na kuulizia mambo kwa heshima, taa inawashwa wapi, maji yanafunguliwa vipi. Alikuwa mgeni mwema sana katika nyumba yake. Baba alikuwa ameshazeeka, na nyasi hazikuwa na mtu wa kuzitaka tena.

Watu wa rika langu hupenda kulalamika juu ya majengo, kwamba lile limebomolewa, hili limeezekwa vibaya, na kijana yule wa duka nadhani alidhani ninalilia baa. Wacha mabati yakae. Mimi nimechoka, na jengo halinidai machozi. Mpwa wangu alipofunga gurudumu akaniita, "Shangazi, twende," niliinuka kwenye kiti kile nikiwa bado najaribu kuukumbuka uso wa mama ulivyokuwa siku ile akiimba. Niliuona siku ile moja tu, kutoka asubuhi mpaka alasiri, halafu sikuuona tena, na tuliishi naye miaka mingi.